Nyumba ya Juu Haimo Ramanini

Rebordaira, 7 Oktoba 2001

Wifi Delfina,

Roi ameota jino la tatu na leo asubuhi amelijaribu kwenye kidole changu, kwa hiyo ukiona mwandiko unayumba usishangae. Kaka yako Brais alipiga simu kutoka Geneva Jumapili, pale dukani kwa mzee Eladio, na kama kawaida duka zima likanyamaza ili lisikie mume wangu ananiambia nini. Aliniambia kuna baridi. Watu wakarudi kwenye kahawa zao wamevunjika moyo. Ndiyo maana hili ninalotaka kukuuliza naliandika, silisemi kwenye simu ile.

Kwanza nyumba yako. Nafanya kama ulivyoniomba siku tulipomzika mama mkwe. Kila asubuhi nateremka na Roi, nawasha moto jikoni kwako, na moshi unatoka kwenye dohani kabla mzee Eladio hajapita na mkate. Sheria ya mlima wetu unaijua kuliko mimi: mlima ni wa wote, lakini nyumba isiyotoa moshi haina fungu mlimani wala sauti mkutanoni. Yako inatoa. Ukae Vigo kwa amani.

La pili. Watu wa kampuni wameleta ramani ya ule mtambo wa upepo wanaotaka kuusimamisha kwenye kilele cha Pena Loura, wameibandika kwenye kibaraza cha kanisa. Pembeni chini, kwa herufi ndogo, nikaona: imechorwa na D. Outeiro. Nilijivuna, wifi! Nikamwinua Roi, nikamwambia, tazama, huyu ni shangazi yako. Akajaribu kuilamba.

Penye rangi nyekundu mtambo utaonekana, penye nyeupe hautaonekana. Mzee Eladio akatusomea tena makubaliano yetu na kampuni: mtambo hautakaa kileleni ikiwa kuna nyumba yenye moto, ndani ya kilomita moja, inayouona. Ikiwepo hata moja, wausogeze bega la nyuma la mlima, upande usiokaliwa na mtu. Na ramani inasema hakuna hata moja.

Sasa nyumba yangu je? Nyumba ya juu, hii aliyoniachia bibi yangu, ndiyo iliyo karibu kuliko zote, haifiki mita mia saba kutoka kileleni. Kwenye ramani hapo ni peupe. Na mimi nikiwa kitandani, bila kuinua kichwa, naiona Pena Loura yote dirishani. Wanaokaa karibu na mitambo ya ng'ambo wanasema jua likishuka nyuma yake, kivuli cha mapanga yake yanayozunguka kinapita ukutani jioni nzima kama mtu anayewasha na kuzima taa. Kitanda cha Roi kiko kwenye ukuta huo. Tulikuwa tumepanga Brais akirudi moja kwa moja tupige lipu chumba kile na tuongeze kingine.

Labda mimi sijui kusoma ramani. Niliacha shule nina miaka kumi na sita, si siri. Niambie tu nakosea wapi. Mkutano wa kupiga kura ni tarehe 25 Novemba.

Wifi yako,
Sabela


Vigo, 15 Oktoba 2001

Sabela,

Barua yako nimeipata. Nimefurahi kwamba mtoto anakua.

Ramani ya namna hii haichorwi kwa macho ya mtu aliyelala kitandani. Mlima wote umegawanywa miraba ya mita ishirini na tano, na kila mraba una kimo chake. Kompyuta inasimama penye nyumba, jicho likiwa mita moja na nusu kutoka ardhini, na inavuta mstari mpaka ncha ya panga la mtambo. Mstari ukigonga kitu njiani, mtambo hauonekani. Ni hesabu tu. Haina shangazi wala wifi.

Kati yako na kilele kuna mialoni ya Couto. Hiyo ndiyo inayoziba.

Nakuomba usilizungumze jambo hili dukani. Watu wa huko wakipata neno moja wanalipikia chakula cha mwezi.

Nyumbani kwangu kukoje ndani? Kuna kitu umehamisha? Kitanda cha mama bado kiko chumba cha nyuma?

Delfina


Rebordaira, 28 Oktoba 2001

Wifi,

Umeniandikia "Sabela" tupu. Nimeligeuza hilo jina huku na huku kama mtu anayetafuta funza kwenye tufaha.

Mialoni ya Couto iko mtoni, wifi. Iko mkono wa kushoto, chini kabisa, unapopeleka ng'ombe kunywa. Umekulia hapa. Mama mkwe alinisimulia jinsi ulivyoanguka kutoka juu ya mmoja ukavunjika mkono, na mkono huo huo ndio unaochora ramani. Huwezi kusahau iliko. Basi kwa nini uniandikie mialoni?

Nikaona nisibishane na kompyuta, nitazame mwenyewe. Bibi Obdulia hupeleka ng'ombe wake Pena Loura kila siku, na anasema kampuni imepigilia kigingi cha rangi ya machungwa pale pale mtambo utakaposimama. Nikamwomba afunge kitu chekundu kwenye fimbo, akisimamishe penye kigingi.

"Kitu gani chekundu, binti? Mimi ni mjane mwaka wa thelathini huu, kabati langu lote jeusi."

"Shuka la kitanda, bibi. Lile ulilopewa harusini."

"Alaa! Marehemu mume wangu hakuwahi kuniruhusu kulitandika, leo nikalipeperushe mlimani kwa ajili ya kompyuta?"

Lakini akalipeleka. Alhamisi saa tano nilisimama dirishani na Roi, na shuka likasimama mbele yetu, jekundu, lote, mpaka pindo zake nikaziona. Roi alipiga makofi. Hiyo ni fimbo ya bibi kizee, wifi. Mtambo ni mita sabini.

Bibi Obdulia aliporudi akakaa jikoni, akaniuliza wifi yangu alisema nini kingine kwenye barua. Nikamwambia anaulizia kitanda. Akacheka kwa pua.

"Mtu wa mjini akiulizia kitanda, ujue nyumba ina mnunuzi. Na kazini kwake watampandisha cheo mtambo ukipita. Wewe endelea kumwashia moto, mjinga wangu."

Nilimkemea. Nilimwambia wifi yangu si mtu wa namna hiyo. Lakini nilipokuwa naosha vyombo maneno yake yalikuwa bado yamekaa kwenye kile kiti. Kitanda cha mama mkwe kiko pale pale. Kwa nini uliulizia?

Niambie ukweli hata kama ni mbaya. Mtoto wangu analala chini ya dirisha hilo.

Sabela


Vigo, 5 Novemba 2001

Sabela,

Haya, tuseme yote.

Siku niliyopewa kazi hii, mhandisi aliniwekea mezani orodha ya nyumba zenye moto za Rebordaira. Ilikuwa kwa mwandiko wa Eladio, mhesabu moshi wetu, naujua tangu alipokuwa akiandika madeni ya peremende zetu ukutani. Nyumba kumi na moja. Nikaisoma kwa furaha, nikitafuta yetu. Namba saba: "Nyumba ya chini ya kina Outeiro. Anakaa Sabela na mtoto." Na mwisho kabisa, chini ya mstari: "Nyumba ya juu. Tupu."

Nilikuomba uniwashie moto. Sikukuomba uwe mwenye moto.

Unajua sheria kama mimi. Anayekutwa na moto ndiye mwenye fungu. Kwa hiyo mimi sina tena sauti kwenye mlima niliozaliwa, na wewe unaniandikia "ukae Vigo kwa amani". Brais anajua? Au ni yeye aliyekutuma? Mama aliniachia mimi nyumba ile kwa sababu yeye angeuza hata mlango. Ndiyo maana niliulizia kitanda. Nilitaka kujua unalala wapi.

Nyumba yako haijazibwa na mwaloni wowote. Kompyuta inasimama penye nyumba zilizo kwenye orodha tu. Yako haimo, basi haikuulizwa, na pasipoulizwa panabaki peupe. Nililijua hilo tangu mwanzo. Nilikaa mbele ya kioo cha mashine nikiitazama ile nafasi nyeupe, nikasema moyoni: kama amehamia chini, mtambo wa juu unamhusu nini? Nikatuma ramani.

Na bibi Obdulia umwambie sijapata cheo chochote.

Delfina


Rebordaira, 10 Novemba 2001

Wifi,

Barua yako nimeisoma mara tatu, mara ya tatu nikiwa nimekaa chini.

Ulijua. Neno hilo lilinishika sana, wifi, nilikuwa nachambua maharage nikajikuta nimetupa mazuri na kubakiza mabovu. Ulijua tangu mwanzo kwamba nyumba ya mtoto wa kaka yako haimo, ukaniandikia mialoni.

Sasa nisikilize na mimi. Sijahamia kwako. Ninalala juu kila siku iendayo kwa Mungu. Lakini kuni nabeba mwenyewe, mkono mmoja una mtoto. Siwezi kuwasha moto wa nyumba mbili asubuhi moja. Kwa hiyo nawasha wa kwako kama nilivyoahidi, na kwa kuwa moto unawaka, napikia hapo hapo. Roi anacheza sakafuni, mchana tunapanda na sufuria ya supu, na jikoni kwangu nawasha jioni. Nilikuwa natunza fungu lako. Nilifikiri natenda mema.

Nikaenda kwa mzee Eladio. Alikuwa anakata jibini.

"Mzee, uliandika nyumba yangu tupu?"

"Haina moshi."

"Mimi nalala wapi, mzee? Juu ya mti?"

"Mimi nahesabu moshi saa mbili asubuhi, mwanangu. Nikifuata saa za kila mtu nitamaliza Krismasi. Na mwanamke aliyeolewa akiteremka nyumbani kwa mumewe, nimuulize nini? Kila mtu alijua umeteremka."

"Kila mtu nani?"

Akaonyesha duka zima kwa kisu. Watu wanne, na wote walikuwa wanatazama jibini.

Wote walijua, wifi. Walinisalimu kila siku, na hakuna hata mmoja aliyeona vema kuniuliza. Ndivyo tulivyo hapa, tunachungulia bila kuuliza.

Sasa jambo lenyewe. Kwa sababu ya mtambo, hesabu itarudiwa Jumapili tarehe 18. Safari hii mzee Eladio ataingia jikoni na mashahidi wawili. Atakayekutwa penye moto ndiye mwenye nyumba, na mtu mmoja hawezi kuandikwa penye majiko mawili. Orodha mpya inakuja kwenu Jumatatu na ramani inachorwa upya kabla ya kura.

Nikikutwa kwako, nyumba ya juu haipo, na mtambo unasimama juu ya kitanda cha Roi. Nikikutwa kwangu, nyumba yenu inafutwa mlimani.

Bibi Obdulia anasema nikae chini, nyumba ya chini ina paa zuri na fungu kubwa. Nakuuliza wewe kwanza, ingawa wewe hukuniuliza mimi.

Sabela


Vigo, 14 Novemba 2001

Wifi yangu,

Nakutumia hii kwa mkono wa dereva wa basi ili ifike kabla ya Jumapili.

Nilikosea kukudhania. Ningekuja niombe msamaha mbele yako, lakini mhandisi hajui kwamba mimi ni mtu wa mlima huo, kina Outeiro wako kila kijiji; akijua atasema ramani yangu haifai na mimi sifai.

Kuna njia. Jumapili kaa chini. Mwambie Eladio unanikalia tu, aandike jina langu. Nyumba ya juu niachie mimi. Kabla ramani haijachapwa nitaiongeza kwa mkono wangu: nusu dakika, nukta moja, na kompyuta itasimama mlangoni kwako na kukiona kigingi chenyewe. Nimeshajaribu leo wakati wenzangu wamekwenda kula. Unauona mtambo wote, wifi, kuanzia mguuni. Hakuna atakayelinganisha nukta zangu na mwandiko wa Eladio.

Hivyo hakuna anayepoteza. Niamini mara hii tu.

Barua hii ichome.

Delfina


Rebordaira, 26 Novemba 2001

Wifi Delfina,

Sikuichoma. Nilitaka, nikaishika juu ya moto, kisha nikaona naweza kuja kuihitaji, na hapo hapo nikaona aibu. Mtu anayetunza barua ya wifi yake ili imwokoe baadaye ameshakata shauri.

Nitakueleza ilivyokuwa, maana najua umeshasimuliwa na bibi Obdulia, naye huongeza chumvi.

Jumamosi nilifagia majiko yote mawili. Kwako nilipanga kuni mekoni, na karatasi chini yake, tayari kwa kiberiti. Nilikuwa sijui bado. Nilijiambia, wifi ameniita wifi tena. Halafu nikajiuliza, mbona ameniita hivyo siku anayonihitaji? Nikajiambia, nusu dakika, nukta moja. Halafu nikakumbuka kwamba nusu dakika hiyo ulikuwa nayo mwezi mzima uliopita.

Nilikudhania, wifi. Niliona hivi: nikae chini, ramani ije na peupe pale pale, uniandikie kwamba mhandisi alikuwa amesimama nyuma yako. Na mimi ningemwambia nani? Ningeonyesha nini?

Jumapili asubuhi niliwasha moto wangu. Nikaweka chungu, nikamkalisha Roi kwenye kiti, na nikakaa karibu na mlango kuwatazama wanavyokuja. Walifika kwako. Waligonga. Mzee Eladio akaita, "Nyumba hii!" mara mbili, halafu akatazama juu ya paa, akavua kofia. Mimi ndiye niliyemvua kofia ile. Nililia, usifikiri sikulia.

Kisha wakapanda kwangu.

"Sabela, moto huu ni wa nani?"

"Wangu na mwanangu."

"Na ule wa chini?"

"Wa chini ulikuwa wa Delfina. Mimi nilikuwa mkono wake tu. Yeye yuko Vigo."

"Tangu lini?"

"Unajua tangu lini, mzee. Wote mnajua."

Akaandika. Akafuta namba saba kwa mstari mmoja, akauliza kama supu ina nyama, wakanywa bakuli moja moja wakaenda zao.

Mchana Brais alipiga simu. Duka lilikuwa limejaa kama siku ya mtakatifu. Aliniuliza kwa sauti ambayo hata mashine ya kahawa iliisikia: "Umezima moto wa mama?" Nikamwambia ndiyo, nikamwambia na sababu. Akasema, "Kuna baridi huku." Mpaka Alhamisi watu walinipa njia pana kuliko ninavyohitaji. Mmoja alisema, mimi nikisikia, kwamba wanaoolewa nyumbani kwa watu huanza kwa kuzima moto na kumaliza kwa kubomoa vigae.

Ramani ilikuja Ijumaa. Nilikwenda peke yangu mapema. Pale kwangu kuna mraba mmoja mwekundu, mdogo kama ukucha wa Roi, na pembeni yameandikwa maneno: "Nyumba ya juu, inakaliwa, inaona." Jana tumepiga kura. Mtambo unakwenda bega la nyuma. Kumi na moja kwa sifuri, hata wale walionipa njia pana.

Lakini pembeni chini, palipokuwa na jina lako, safari hii hapana kitu. Sijui kama umelitoa wewe au wamekutoa wao. Tafadhali niandikie hilo. Kama umepoteza kazi kwa ajili ya mraba ule, nataka kulijua kutoka kwako, nisilisikie dukani.

Na sasa barua yako kwa mzee Eladio. Ilifika Alhamisi. Alipanda juu ya kreti la soda akaisomea duka zima: kwamba wewe mwenyewe unaomba nyumba ya chini ifutwe, kwamba unaishi mjini na huna haki ya moshi, kwamba wifi yako aliwasha moto kwa kuombwa na wewe na asilaumiwe na mtu yeyote, wa damu au wa jirani. Imeandikwa tarehe 16, Ijumaa, siku mbili kabla ya hesabu. Watu walinigeukia. Bibi Obdulia alinibusu mbele za watu, naye hajambusu mtu tangu vita. Jioni ile ile Brais alipiga simu bila kuwa zamu yake, akaomba kusikia sauti ya Roi.

Niliomba niishike. Muhuri wa posta ni wa tarehe 19, Jumatatu.

Inawezekana uliitia sandukuni Ijumaa jioni, na posta hulala Jumamosi na Jumapili. Inawezekana pia uliiandika Jumapili, baada ya bibi Obdulia kukupigia na kukuambia niliyofanya, ukarudisha tarehe nyuma. Nimekaa na bahasha ile nikiipima kama nilivyoipima ramani yako, huku mashaka yakija moja baada ya jingine, mpaka nikachoka nayo. Njoo Krismasi. Utalala kwangu.

Mzee Eladio si mjinga. Alivaa miwani, akaigeuza bahasha kwenye mwanga, akaniuliza polepole ili wengine wasisikie: "Wewe uliyeishika, Sabela. Hizi tarehe zinakwenda pamoja?"

"Zinakwenda pamoja, mzee," nikamwambia. "Iliandikwa Ijumaa."

Wifi yako,
Sabela